Breki ya Mwalimu

2 Machi

Hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na anayebisha aje na ushahidi wake. Kabla sijawa mwalimu wa udereva niliendesha malori miaka na miaka. Nimevuka mipaka ambayo askari wake mpaka leo wananiita shemeji. Nimelala kwenye mabonde ya majambazi nikaamka na viatu vyangu miguuni. Sijawahi kugonga hata kuku. Mwaka juzi saratani ya tezi dume ikanijia na mbwembwe zake zote. Nikapigwa mionzi, nikaanza kuchomwa ile sindano ya kila miezi mitatu, na saratani ikashika njia. Namba ya damu, ile inayopima saratani, ilishuka mpaka daktari akaitazama mara mbili. Wenzangu wawili tulioanza nao kliniki tumeshawazika. Mimi nipo, nanenepa.

Nesi ndiye aliyesema niandike kila siku ninavyojisikia. "Maumivu, usingizi na haja ndogo," akasema. Nikamwambia shule niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, lakini mkono ninao. Haya, naandika. Maumivu: hakuna. Usingizi: wa mtoto mchanga. Haja ndogo: si habari ya kumwandikia binti wa watu.

Mvua imeanza jioni hii.

3 Machi

Mvua.

5 Machi

Nimepata mwanafunzi mpya, mama mmoja mshona nguo, mjane. Gari la marehemu mumewe limekaa uani mpaka kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na sasa kaamua kujifunza. Sijaona mtu anayependa breki namna hii. Anaikanyaga akiona mbwa, akiona kivuli, akiona mtu amekaa kwenye baraza lake mwenyewe anakunywa chai.

"Sasa hapa umesimama kwa nini?"

"Nimeona karatasi, Mwalimu."

"Karatasi inavuka barabara?"

"Upepo ukiisukuma itavuka."

Hapo hapo nikambatiza: Mama Breki. Nikamwambia, "Mama, sikiliza. Gari hili la kujifunzia lina breki mbili. Hiyo yako ni pambo. Breki yenyewe ni hii iliyo chini ya mguu wangu. Wewe endesha. Kusimama niachie mimi."

"Na ukisinzia?"

"Mimi nasinzia, mguu wangu hausinzii."

Alicheka mpaka gari likazimika.

9 Machi

Kliniki. Daktari wangu ni binti mdogo. Ningeweza kumzaa na kumwozesha na mahari nimeshamaliza kula. Alikuwa ameshika karatasi ya damu, hacheki.

"Mzee wangu, namba imepanda."

"Si ilipanda kidogo mara ile?"

"Ilipanda kidogo mara ile, ikapanda tena, na sasa imepanda sana. Saratani imeamka."

Nikamuuliza, na sindano je, ni maji? Akasema hapana, sindano inafanya kazi yake. Sindano inazima homoni za kiume, na hizo ndizo chakula cha saratani. Tatizo ni kwamba saratani ikinyimwa chakula muda mrefu, nyingine hujifunza kujipikia yenyewe. Yangu imejifunza. Kwa hiyo sindano iendelee, na anaongeza vidonge vya kumeza tumbo likiwa tupu. Halafu nipigwe picha ya mgongo na mifupa, maana huko ndiko inakopenda kuhamia.

"Mgongo unauma?"

"Daktari, mgongo wa dereva gani hauumi?"

"Nisikilize vizuri. Miguu ikiwa mizito, au ikiingia ganzi, au haja ikigoma kutoka, usisubiri tarehe ya kliniki. Unakuja siku hiyo hiyo."

"Na mvua ikinyesha?"

"Njoo umelowa."

Mtoto ana mdomo huyu. Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimeongezewa vitamini. Tulijaliwa pacha, wakubwa sasa na wanaishi mbali, ndiyo maana mpaka leo ananiita Baba Pacha.

"Baba Pacha," akasema, "vitamini gani hizo zinazokufanya uongee na sahani?"

12 Machi

Nameza vidonge alfajiri, nakaa na njaa, nawachukia wote wanaokula. Na lile joto la sindano linanipanda kifuani kama nimemeza jiko. Mke wangu ananitazama ninavyojipepea na gazeti.

"Karibu chamani. Mimi lilipokuwa linanipanda, si uliniambia nifungue dirisha? Haya, fungua dirisha, mume wangu."

Maumivu: hakuna ya kuandika.

16 Machi

Pedali ya breki upande wangu imekuwa ngumu. Leo nimeikanyaga kwenye mzunguko ikanijibu kwa kuchelewa, kama karani wa serikali. Nimelipeleka gari kwa Spana, fundi wetu wa siku zote, mtu mwenye mikono ya grisi na ulimi wa grisi pia. Kalala chini yake, kapaka mafuta, katoka. "Tayari, Mwalimu. Laini kama siagi."

17 Machi

Mvua. Mwanafunzi mmoja tu.

20 Machi

Siagi gani? Pedali bado ngumu. Nimerudi kwa Spana nikamwambia amezeeka, aanze kutengeneza baiskeli za watoto. Kabadilisha springi. Kaikanyaga yeye, kamwita na mwenzake aikanyage. "Mwalimu, hii haina kitu." Nikasema mafundi wote ni ndugu wa mganga, mgonjwa akilalamika wanamwambia amerogwa na jirani. Gereji nzima ikacheka. Nikacheka nao, nikaondoka na pedali yangu ngumu.

24 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya picha. Nimeegesha gari mbele ya geti la hospitali, nimekaa ndani, mvua inapiga bati la juu mpaka sijisikii nikifikiri. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Akatoka mmoja anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mwanamke kamfunika kichwa kwa mfuko wa plastiki asilowe, na mtu mwenyewe ametulia tu chini ya mfuko kama mzigo. Nikawasha gari.

Mashine ile wameijengea chumba cha zege. Haihami. Nitaenda wiki nyingine.

Mke wangu, aliyeikuta karatasi ya picha mfukoni mwa shati langu, akauliza nimeambiwaje. Nikamwambia, "Mgongo safi. Daktari kasema wa kijana wa miaka thelathini." Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akawapigia pacha, mmoja baada ya mwingine, akarudia maneno yangu vile vile bila kupunguza neno, na kila mmoja nikamsikia akicheka huko aliko. Nikachukua simu nikawatania. Sikulala vizuri. Kiti cha gari kinaniumiza mgongo.

28 Machi

Nimeweka mto kwenye kiti. Maumivu yanazunguka kiunoni kama mkanda uliokazwa tundu moja zaidi. Nimeulegeza mkanda wenyewe. Suruali imeshuka, mkanda ule mwingine umebaki.

2 Aprili

Safari ya tatu kwa Spana. Sasa kang'oa waya wote wa pedali zangu, kaweka mpya. Amenuna.

"Mwalimu, gari hili sasa lina waya mpya kuliko ndoa yako."

"Ndoa yangu haijawahi kukwama."

"Kamuulize mwenye ndoa."

Wakacheka sana. Wangejua! Sindano ile ilishazima taa za chumba hicho tangu mwaka juzi. Mama Pacha hajawahi kunisimanga hata siku moja. Hugeuka tu, akaweka mkono wake juu ya kifua changu, ambacho nacho siku hizi kimevimba kama cha mwari, tukalala. Hili sijui kwa nini naliandika. Nesi, ukifika hapa ruka.

4 Aprili

Nimejikwaa kwenye ngazi ya mlango wetu, ngazi moja tu ambayo nimeipanda maisha yangu yote. Mke wangu akasema, "Unaburuta kiatu." Nikamwambia soli imeisha. Kakichukua kiatu, kakipeleka kwa fundi viatu kwenye mvua ile, karudi nacho na soli mpya nene.

5 Aprili

Soli ni nzito mno. Kiatu bado kinaburuta.

7 Aprili

Siku njema hii. Mama Breki amebadilika kabisa! Leo tumepita sokoni, mikokoteni, mbuzi, wauza ndizi, hajagusa breki ovyo hata mara moja. Anashika usukani kama anashika kitambaa kwenye cherehani, kwa vidole, bila kukaba.

"Umeiacha breki, mama?"

"Umeniambia ni yako."

Nilijisikia mwalimu kweli. Wiki ijayo namwandikisha kwa mtihani.

11 Aprili

Mtanisamehe mwandiko wa leo.

Tulikuwa tunashuka ule mteremko wa kwenda makutano ya chini. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope barabarani, na maji yalikuwa bado yanashuka pamoja na sisi. Mama Breki anaendesha vizuri, gia ya pili, nimemfundisha hivyo. Chini, mtu wa mkokoteni akaanza kuvuka na madumu yake ya maji.

"Mwalimu, mtu yule."

"Namwona. Endelea taratibu."

"Mwalimu."

Nikakanyaga. Yaani niliamua kukanyaga. Niliutuma mguu kama ninavyoutuma siku zote, na nikangoja gari lipungue. Halikupungua. Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya zulia pembeni ya pedali, kiatu kimegeuka upande, kama mfuko wa abiria aliyeshuka akausahau. Nikautuma tena. Haukusogea.

"Mwalimu!"

Yule mtu akaruka. Tulipiga mkokoteni, madumu yakapasuka, tukaenda kuishia kwenye nguzo ya umeme. Mama Breki mkono wake ulikuwa umenasa kwenye usukani. Nilisikia mfupa. Watu wakaja wakamtoa, mimi nikabaki ndani nikisema breki imekatika, breki imekatika, fundi ameniua.

Walimkalisha kando ya barabara, kanga imelowa, mkono umepinda pasipopaswa kupinda. Hakulia. Aliniangalia kupitia dirishani, akasema polepole kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Nilikuwa nakusubiri, Mwalimu. Ulisema breki ni yako."

12 Aprili

Gari lilivutwa mpaka kwa Spana. Asubuhi nikapanda teksi nikaenda. Kutoka kwenye teksi mpaka getini nilishika ukuta. Nilimtukana Spana matusi ambayo hata kwenye malori tulikuwa tunayaweka akiba. Nikamwita muuaji mbele ya mafundi wake. Alifungua mlango wa upande wangu, akachuchumaa kwenye maji, akaisukuma ile pedali kwa kiganja. Ikazama. Akaisukuma kwa vidole viwili. Ikazama. Akamwambia kijana wake asukume gari kutoka nyuma. Likaanza kutembea. Spana akaibonyeza kwa kiganja tena, gari likasimama papo hapo.

"Sasa kaa wewe, Mwalimu. Kanyaga nione."

Nilikaa. Mtu alipunguza redio. Nikakanyaga kwa kichwa, kwa meno, kwa mabega. Jasho lilinitoka. Mguu haukwenda popote. Spana alikuwa amechuchumaa pale pale, anauangalia mguu wangu, hakuiangalia pedali tena. Akakishika kiatu, akakivua taratibu, akanibana kidole gumba kwa kucha yake ya grisi.

"Unasikia?"

"Kitu gani?"

Akakivua na cha kushoto, akaubana mguu huo pia. Ule nilisikia kwa mbali, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya pili.

Huyu mtu nimemdhihaki mwezi mzima. Aligeuka, akanipa mgongo wake, akasema, "Panda, kaka." Akanibeba mpaka kwenye gari lake kama gunia, mvua inatunyeshea, na akaendesha mpaka hospitali huku mkono mmoja umeshika shati langu nisianguke kwenye kona.

13 Aprili

Wamenipiga picha usiku ule ule. Leo asubuhi daktari amekuja, akavuta kiti.

"Mguu ulianza lini?"

"Jana."

"Mzee wangu. Lini?"

Nikamwambia katikati ya Machi. Akaweka kalamu chini. Saratani imeingia kwenye pingili za mgongo, moja imevimba na kubana uti wa mgongo, njia ambayo amri hupitia kwenda miguuni. Ndiyo maana nautuma mguu haupati habari. Wameshanianzishia sindano za kupunguza uvimbe, na mionzi inaanza leo.

"Nitatembea?"

"Anayekuja kwangu akitembea, mara nyingi anaendelea kutembea," akasema. "Anayekuja amebebwa..." Akaacha hapo. Nilikuwa namwona mtoto. Leo nilimwona macho yamechoka kama ya dereva wa safari ndefu. Akasema kwa sauti ya chini, "Ile tarehe ya picha, nilikusubiri."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Ndivyo alivyojua.

Mama Pacha anajua methali zote. Kila kosa la nyumba ile lina methali yake. Ile ya asiyesikia la mkuu ilikuwa pale, imekaa mdomoni, hata mimi niliiona. Nikamsubiri aiseme. Angeisema ningepona kidogo. Alichukua beseni, akalowesha kitambaa, akaanza kunifuta matope ya gereji kwenye miguu, kidole kwa kidole, na mimi nilikuwa naona anachofanya kwa macho tu.

14 Aprili

Haja imegoma. Wameweka mrija.

17 Aprili

Mionzi. Mvua.

19 Aprili

Mionzi. Pacha wamefika wote wawili. Waliingia na nyuso walizofanyia mazoezi kwenye korido. Nikawaambia, "Njooni mmwone kijana wa miaka thelathini." Hakuna aliyecheka. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kusema neno likaanguka chini hivyo, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa mteremkoni.

24 Aprili

Mionzi imekwisha. Maumivu ya mkanda yamelegea, hilo nawashukuru. Mke wangu anakaa miguuni, amefunua shuka, ameshikilia kutazama kidole gumba.

"Kimecheza," akasema.

"Hakijacheza."

"Nimekiona, Baba Pacha."

"Ni wewe umetikisa kitanda."

Akaondoa mikono yake kitandani, akaiweka mapajani, akaendelea kutazama mpaka chakula kikaletwa.

30 Aprili

Kakitazama tena leo. Hakijacheza.

4 Mei

Daktari kaja kuzungumza sawasawa. Vidonge vimeshindwa. Sasa ni dripu, dawa ya saratani yenyewe, kila baada ya wiki tatu, mwili ukikubali. Nikamuuliza itaiondoa? Hapana. Itaipunguza mwendo na kupunguza maumivu, inaweza kunipa muda. Muda gani? Akasema hawezi kunidanganya kwa tarehe. Na miguu? "Miguu hairudi, mzee wangu." Kalisema bila kuzungusha, huku ameshika mkono wangu. Nilitaka kumwambia jambo la kuchekesha. Nililitafuta kila mfuko, sikulipata. Nikamwambia, "Ahsante, daktari." Sikusema mwanangu wala binti.

10 Mei

Dripu ya kwanza. Nimetapika. Mama Pacha ameshajifunza kunigeuza kitandani asichubuke mtu, anaweka goti lake hapa, mkono hapa, anahesabu moja mbili. Usiku kitanda chake ni kiti. Nimemwambia aende nyumbani alale. Akasema, "Nikaongee na sahani?"

15 Mei

Spana anakuja kila akifunga gereji. Hana maneno, analeta machungwa, anayamenya, tunakula. Leo nimemwambia, "Nilikuita muuaji mbele ya watu wako." Akasema, "Kula chungwa."

18 Mei

Mama Breki amekuja, mkono kwenye plasta. Nilitamani kujifunika shuka. Alikaa, akaeleza kwamba kushona hawezi mpaka plasta itoke, wateja wamechukua vitambaa vyao. Akaeleza kwamba akipona atajifunza tena, kwa mwalimu mwingine.

"Na huyo mwambie akufundishe kusimama," nikasema.

"Nitasimama mwenyewe."

"Mama, nisamehe. Nilijua mguu si mzima. Nilijua kabla ya ule mteremko."

"Ulinipakia mimi ukijua?"

"Nilijua na sikutaka kujua."

"Hivyo ni kujua, Mwalimu."

Alikaa mpaka saa ya kutembelea wagonjwa ikaisha, lakini hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumuomba mara ya pili.

21 Mei

Mvua zimekatika. Jua linaingia mpaka kitandani.

Leo wamemleta mzee mmoja kitanda cha pili, ugonjwa wetu huu huu, ndiyo kwanza anaanza sindano. Anatembea vizuri, anakwenda chooni na kurudi bila kujua anafanya jambo kubwa. Manesi wamemwambia mimi ndiye mchekeshaji wa wodi. Akageukia upande wangu, akasema, "Kaka, nimesikia wewe ni mtu wa bahati, umetembea nao ugonjwa huu tangu mwaka juzi. Nipe siri."

Mke wangu akaacha kukunja nguo.

Nikamwambia, "Mguu ukiwa mzito, sema siku hiyo hiyo. Sema kwa mkeo, sema kwa daktari, sema kwa sauti."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akaridhika, akaenda dirishani kuota jua, kwa miguu yake.

Nesi, wewe uliyetaka niandike, andika na hili kwenye faili lako. Mimi si mtu wa bahati. Tarehe mbili Machi, jioni ile mvua inaanza, nilipokuwa naandika kwamba hakuna kama mimi, mguu wa kulia ulikuwa umeshakuwa mzito wiki nzima. Nilidanganya.